Kumbukumbu ya kikagua tahajia: nimeyavunja makundi yetu matatu

Jumapili usiku neno "ninakipenda" lilipita bila kupigwa mstari mwekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nililala nikiwa sidaiwi kitu na mradi wetu wa kikagua tahajia cha Kiswahili. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kuaibisha. Kilichotuchelewesha ni namna tulivyokuwa tumegawana mazungumzo.

Wenzangu wanaotumia Hunspell, programu huria ya kukagua tahajia, wanaijua shida yetu: kwa kawaida yake programu hiyo hung'oa kiambishi awali kimoja na viambishi tamati viwili, ilhali kitenzi cha Kiswahili kimejazana upande wa mbele. Tuliwasha mpangilio wake wa COMPLEXPREFIXES, ambao huigeuza hesabu hiyo, tukaunganisha nafsi na wakati kuwa kipande kimoja ("nina", "wali", "hatuta"), na kiambishi cha mtendwa, kama "ki" ya "ninakipenda", kikawa kipande cha pili. Minyambuliko tuliiorodhesha kwenye kamusi, shina kwa shina, kazi ambayo simtakii mtu.

Mwezi Machi, tulipofika watu arobaini hivi, nilijiaminisha kwamba jumuiya ya programu isiyo na orodha tofauti za majadiliano kwa barua pepe haijakomaa. Kwa kuwa Debian, mradi wa mfumo huria wa kompyuta, wana orodha ya watumiaji (debian-user) na ya waundaji (debian-devel), nikaona nasi tuwe na watumiaji huku, waundaji kule, na wanaisimu peke yao wabishane kuhusu ngeli bila kumsumbua mtu. Kundi la waundaji lilipendeza kwa utulivu wake, na ule utulivu niliuhesabu kuwa maendeleo.

Kumbe wiki iliyofuata mtumiaji mmoja aliandika katika kundi lake kwamba "ninakipenda" linakataliwa. Mwenzake, kwa nia njema kabisa, akamjibu: "Bofya kulia, uliongeze kwenye kamusi yako, litaacha kukusumbua." Akashukuru, mazungumzo yakaisha. Baadaye wengine wawili waliuliza kuhusu "ninazisoma" na "walivileta", wakapewa dawa ileile. Katika kundi la wanaisimu, wakati huohuo, kulikuwa na mjadala mrefu uliohoji iwapo orodha yetu ya viambishi vya mtendwa imekamilika. Sisi waundaji hatukuona lolote kati ya hayo, kwa sababu tulijaribu kila toleo kwa "ninampenda" na "ninaipenda", na yote mawili yalipita.

Nilipoyasoma makundi yote matatu kwa mkao mmoja, nilihitaji dakika kumi tu. Ki-, vi- na zi- vyote vilikuwa vimeongezwa mwishoni mwa fungu la PFX, yaani orodha ya viambishi awali katika faili la kanuni, lakini mstari wa kichwa, unaoieleza programu isome mistari mingapi, bado ulitangaza mistari 9 badala ya 12. Vitatu vya mwisho vilikuwa vimeandikwa na havifanyi kazi. Ni mimi niliyeviongeza.

Baada ya hapo niliitazama upya mifano niliyokuwa nimeiiga. Debian wametenga pia orodha za watumiaji kwa lugha, kama debian-user-french, na mgawanyo huo naukubali bila ubishi, kwa kuwa msomaji wa orodha moja huenda asiielewe nyingine. Watu wa lugha ya programu ya Python walianzisha orodha ya python-ideas mwaka 2006 ili mawazo yasiyokomaa yasiizamishe python-dev, orodha ya waundaji wa lugha hiyo. Hapo yaliyogawanywa ni mawazo na maamuzi, si watu. Wa kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, wana orodha kwa kila sehemu, lakini ujumbe mmoja hunakiliwa kwenye orodha mbili au tatu kwa pamoja, na faili la MAINTAINERS huonyesha zipi. Mimi niliigawa jumuiya kwa vyeo vya watu, nikasahau kwamba lalamiko la mtumiaji wa kikagua tahajia ndilo ripoti ya hitilafu yenyewe.

Sasa tuna kundi moja la mazungumzo na jingine la matangazo tu, lisilojibiwa. Wapo waliotaka tuhamie Telegram kwa sababu ya mada zake ndani ya kundi, na kwa wenye bando dogo hoja yao ina uzito. Nimeng'ang'ania barua pepe kwa sababu kila jibu hubeba kitambulisho cha ujumbe linaoujibu, hivyo uzi wa miezi sita iliyopita bado unafuatika. Kasoro yake ni wale wanaoanza jambo jipya kwa kujibu ujumbe wa zamani na kubadilisha kichwa tu. Uzi hubaki umefungwa kwenye ule wa kale, na hilo linanikera kuliko ninavyopaswa kukereka.

Nilikuwa nimepanga wiki hii kuandika mwongozo wa wanachama wapya. Sijaugusa, kwani tulipokubaliana kuweka alama [neno] kwenye kichwa cha ujumbe unaoripoti neno, nilipata wazo lililoninyima usingizi: programu ndogo inayokusanya maneno hayo kila usiku, kuyapitisha kwenye amri ya hunspell -l, inayoorodhesha yasiyotambuliwa, na kurudisha palepale kundini yale ambayo bado yanakataliwa. Nimeiandika kwa mistari isiyofika hamsini. Asubuhi hii imeleta maneno matatu: "aliyekinunua", "wasipozisoma", na jina la mtaa wa mwanachama mmoja, ambaye tayari ameanza kudai liingizwe kwenye kamusi.