Mwidhinishaji wa TT asiwe mbonyezaji tu

Ninashughulikia hesabu za biashara kadhaa za Kariakoo zinazoagiza vitambaa, vifaa vya umeme na vipuri vya pikipiki kutoka China, na karibu zote siku hizi hutuma malipo yao ya nje, yale tunayoyaita TT, kupitia mfumo wa benki mtandaoni badala ya kupeleka fomu dirishani. Urahisi huo ni mkubwa na nisingependa turudi nyuma. Hata hivyo kuna jambo ninalolikuta katika ofisi nyingi ninazoingia, nalo linanitia hofu. Benki inataka watu wawili, mmoja aandae muamala na mwingine auidhinishe, lakini anayefanya yote mawili huwa ni mtu mmoja, kwa sababu mwenye mali akisafiri kwenda Guangzhou humwachia mhasibu tokeni, kile kifaa cha benki kinachotoa namba za kuidhinishia, na namba yake ya siri ili kazi isisimame.

Ili kuona hatari iliyopo, inafaa kuikumbuka tofauti kati ya TT na malipo tuliyoyazoea. Tukituma fedha kwa simu hapa nchini, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hatujaingiza namba ya siri, na wengi wetu tumenusurika kwa kulisoma jina hilo tu. TT ya kwenda China haina hatua hiyo. Unaandika jina la kampuni, namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki yake, kisha unatuma bila skrini yako kukuonyesha akaunti hiyo ni ya nani. Nchi zinazotumia IBAN, yaani namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, kama zile za Ulaya na Falme za Kiarabu, zina kinga kidogo, kwa kuwa tarakimu mbili zinazofuata herufi za nchi hukokotolewa kutokana na sehemu nyingine zote za namba hiyo, hivyo anayekosea tarakimu moja hukataliwa papo hapo. China haitumii IBAN, wala Tanzania haiitumii. Tena kinga hiyo humfaa aliyekosea kuandika; namba aliyoitoa tapeli haina kosa lolote la hesabu.

Utapeli wenyewe ninaouzungumzia hauhitaji mtu avunje mfumo wa benki. Tapeli huingia katika barua pepe ya muuzaji au ya mnunuzi, hukaa kimya akisoma mazungumzo, na wakati wa kulipa salio, yaani ile asilimia 70 inayobaki baada ya malipo ya awali ya asilimia 30, hutuma profoma, yaani ankara ya awali, iliyo sawa kabisa na ile ya kwanza isipokuwa akaunti. Sababu anayoitoa huwa ya kawaida sana: akaunti ya zamani inakaguliwa, tafadhali tumia hii. Mhasibu ambaye ametumiwa barua hiyo, akaiandaa TT, kisha akaiidhinisha mwenyewe kwa tokeni ya bosi, ameisoma profoma ileile mara mbili kwa macho yaleyale, na hakuna sababu yoyote ya kutarajia kwamba mara ya pili atakiona alichokikosa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kazi ya mwidhinishaji, kwa maoni yangu, haianzii kwenye skrini. Aanze na profoma ya zamani iliyokwisha kulipwa na fedha zikafika, ailinganishe na muamala ulio mbele yake, namba kwa namba. Asome msimbo wa SWIFT, ambao huwa na herufi nane au kumi na moja: nne za mwanzo ni za benki, na mbili zinazofuata ni za nchi. Msimbo wa CRDB, kwa mfano, ni CORUTZTZ, na ule wa Bank of China makao makuu ni BKCHCNBJ. Ikiwa muuzaji wako wa Foshan alikuwa akipokea fedha kwenye akaunti yenye CN na leo herufi hizo zimekuwa HK, fedha zinakwenda Hong Kong. Wapo wauzaji wengi halali wenye akaunti huko, ndiyo maana jambo hilo peke yake halimtii mtu hatiani, lakini linatosha kabisa kuusimamisha muamala mpaka muuzaji apigiwe simu. Apigiwe kwa namba mliyokuwa nayo tangu siku ya kufahamiana, wala si ile iliyochapishwa kwenye profoma mpya, na mzungumze kwa sauti, kwa kuwa ujumbe wa maandishi unaweza kujibiwa na yeyote aliyeshika akaunti yake.

Ukubwa wa taasisi haumkingi mtu hapa. Mwezi Februari 2016 wezi walioipenya mitambo ya benki kuu ya Bangladesh walituma maagizo kwa njia ya SWIFT kwenye akaunti ya benki hiyo iliyoko katika Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York, wakitaka karibu dola bilioni moja. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Maagizo hayo yalionekana kuwa halali kwa sababu yalitumwa kwa vitambulisho halali vya watumiaji. Wezi walichagua pia siku: Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko Bangladesh, Jumapili New York imefungwa, na Jumatatu ile Manila ilikuwa katika sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina.

Hilo la siku linatuhusu sana. Saa tisa alasiri ya Dar es Salaam ni saa mbili usiku Guangzhou, na ofisi za muuzaji zimefungwa. TT ya dola kwa kawaida hupitia benki wakala, yaani benki ya kati inayopitisha malipo, iliyoko Marekani, ambako saa hiyo ndiyo kwanza asubuhi. Malipo yanayoidhinishwa Ijumaa jioni kwa haraka huwa yamekosa mtu wa kuyathibitisha upande wa pili. Ningeshauri kila akaunti mpya, au iliyobadilishwa, isilipwe kamwe siku hiyo, hata muuzaji akilalamika kwamba kontena linasubiri.

Kuhusu makato sitakawia. Ukichagua SHA, yaani makato mgawane wewe na muuzaji, benki za njiani zinaweza kukata chao na muuzaji akapokea pungufu, kisha akashikilia hati ya shehena kwa tofauti ndogo. Kwa malipo ya salio ninapendelea OUR, yaani makato yote ayalipe mtumaji.

Bosi anayesafiri naye ana njia nzuri kuliko kuacha tokeni mezani. Benki nyingi huruhusu kuidhinisha kwa programu ya simu, naye anaweza kufanya hivyo akiwa hukohuko China, tena akiwa karibu na muuzaji anayelipwa. Asipoweza, aombe benki imsajili mwidhinishaji wa pili, ndugu au mshirika anayeijua biashara, na amwekee ukomo wa kiasi. Mhasibu mwenyewe anahitaji mpango huo kuliko mtu yeyote, kwa sababu fedha zikipotea, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina la bosi, na maswali yote yataelekezwa kwa aliyekuwa na tokeni.

Na fedha zikishatoka, ukashtuka, piga simu benki saa ileile uombe muamala urejeshwe, kisha fuatisha kwa maandishi. Taja UETR, ile namba ndefu ya herufi na tarakimu iliyomo kwenye nakala ya SWIFT, kwa sababu kwayo benki inaweza kufuatilia malipo yamefikia wapi. Yakiwa bado kwa benki wakala, kuna nafasi ya kuyazuia. Yakiwa yameshaingia kwenye akaunti ya mpokeaji, kwa kawaida benki yake huhitaji ridhaa yake ili kuyarudisha, hivyo siku hiyohiyo toa taarifa polisi na upeleke namba ya taarifa hiyo benki, ili benki ya upande wa pili iwe na msingi wa kuizuia akaunti.