Nilivyopata njia ya kushinda mchezo wa mafungu ya visoda

Wengi wanaujua huu mchezo hata kama hawajui jina lake, unapanga visoda au njiti za kiberiti mafungu matatu, mfano 3, 5 na 7, mnapokezana, ukifika zamu yako unachagua fungu moja tu na kutoa unavyotaka, kimoja au vitatu au fungu zima, na anayechukua kisoda cha mwisho ndo mshindi. Wazungu wanauita Nim. Binamu yangu alikuja nao likizo na akawa anatufunga nyumba nzima, watoto kwa wakubwa, na ukimuuliza anafanyaje anakwambia cheza tu utajua.

Mi nilichofanya ni kuanzia mwishoni kurudi nyuma. Nikajiuliza, hali gani nikimwachia mtu hana pa kutokea? Rahisi kabisa ni mafungu mawili yaliyo sawa, mfano 4 na 4, akitoa mbili huku na wewe unatoa mbili kule, akitoa zote na wewe unamaliza zote, yani unamuiga mpaka mwisho na kisoda cha mwisho lazima kiwe chako. Halafu nikakaa na 1, 2, 3 jioni nzima, nikajaribu kila anachoweza kufanya mpinzani. Akiondoa ile 1 yote, unapunguza kimoja kwenye 3 inakuwa 2 na 2. Akiondoa 3 yote, unafanya 1 na 1. Akipunguza kimoja kwenye 2 inabaki 1, 1, 3, unabeba 3 yote. Kila mlango umefungwa! Kiukweli hapo ndo nilipoupenda huu mchezo, maana bahati haina nafasi humu hata kidogo.

Sasa mafungu makubwa huwezi kukariri yote, kwaiyo unavunja kila fungu kichwani kwenye vipande vya 4, 2 na 1 (yakizidi saba unaongeza kipande cha 8). Tatu ni 2 na 1, tano ni 4 na 1, saba ni 4, 2 na 1. Halafu hesabu: nne ziko mbili, mbili ziko mbili, moja ziko tatu. Kila aina inatakiwa iwe shufwa ukishamaliza zamu yako, ikibaki witiri hata aina moja umempa mwenzio nafasi. Hapa zinazosumbua ni zile za 1 tu, kwaiyo kwenye 3, 5, 7 anayeanza anatoa kisoda kimoja, fungu lolote lile, na kama hakosei ameshashinda.

Nikamwambia, "Binamu, leo naomba nianze mimi." Nikatoa kimoja kwenye saba, ikawa 3, 5, 6. Akatoa vinne kwenye sita, zikabaki 3, 5, 2, nne imebaki peke yake kwenye fungu la tano, nikaitoa, ikawa 3, 1, 2. Binamu akaangalia visoda, akaniangalia mimi, akasema "nani kakufundisha?" Akacheza hivyo hivyo mpaka mwisho lakini alikuwa anajua kashafungwa.

Baadae nikaja kusoma kwamba hii hesabu ilithibitishwa na Charles Bouton, mwalimu wa hisabati pale Harvard, mwaka 1901, na mwaka 1951 kampuni ya Ferranti ya Uingereza ikatengeneza kompyuta nzima inaitwa Nimrod kazi yake kucheza Nim na watu kwenye maonyesho London. Ile mashine ilikuwa inafuata hesabu hii hii unayoweza kuifanya umekaa kwenye mkeka.

Kuna wanaocheza kwamba anayechukua cha mwisho ndo kafungwa. Usiogope, cheza vile vile mpaka libaki fungu moja tu lenye zaidi ya kisoda kimoja, hapo lipunguze (libaki kimoja au uliondoe lote) ili yabaki mafungu ya kimoja kimoja ambayo idadi yake ni witiri. Na kama mtu kapanga 1, 3, 5, 7 usikubali kuanza kabisa, hiyo tayari kila aina ni shufwa, mwambie kwa heshima aanze yeye.