Jinsi tulivyofukua ndiva yetu kwa msaragambo

Mwezi uliopita mwenyekiti mmoja kijana, wa kijiji cha ng'ambo ya korongo, alinipigia simu kuniuliza tulifanyaje mpaka ndiva yetu, bwawa letu la mfereji, ikarudi kushika maji. Kabla sijafungua kinywa akasema ameshauriwa atafute mfadhili kwanza. Nilimwambia aje nyumbani, nikamsimulia kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku. Haya ndiyo niliyomwambia.

Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji huku milimani wilaya ya Same kuanzia uchaguzi wa Novemba 2019 mpaka ule wa Novemba 2024. Kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi, kwa hiyo mpaka leo wananiita Mwalimu. Uenyekiti hauna mshahara, mjue hilo mnaougombea. Una muhuri, una kesi za mipaka, una simu za usiku. Lakini ukipata jambo moja la kuwaunganisha watu, hutajuta hata siku moja.

Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo walilochimba wazee wetu wa Kipare kwenye njia ya mfereji. Vijito vyetu ni vyembamba. Ukiyaacha maji yatiririke mferejini mchana kutwa, ardhi inayanywa njiani na mwenye shamba la chini haoni hata tone. Ndiyo maana yanakusanywa usiku kucha, asubuhi mlango unafunguliwa, yanatoka kwa nguvu na kufika mbali. Kila ndiva ina wazee wake na zamu zake.

Yetu ilikuwa imekufa. Tope lilikuwa limejaa hadi kimo cha kiuno, majani yameota, mbuzi wanachungwa ndani yake. Vuli ya 2021 ilipotupita bila mvua ya maana, mahindi yakakauka yakiwa ya magotini, nikasema hapa hakuna kusubiri.

Ushauri wa kwanza niliopewa, na watu wenye elimu kabisa, ni kuandika andiko la mradi. Niliandika. Nikashuka Same mjini mara tatu, nauli yangu, kuchapisha kwangu, kusafisha picha kwangu, jumla kama laki mbili hivi. Akaja mgeni mmoja na gari, akapima kwa futi kamba, akaandika, akala makande kwangu, akaondoka. Hatukumsikia tena. Simlaumu yeye. Ninachokasirikia ni ile miezi ambayo watu wangu waliikaa mikono kifuani kwa sababu mimi nimewaambia kuna wafadhili wanakuja. Ukishalitamka neno hilo hadharani, hakuna mtu atakayeshika jembe, na ni haki yake.

Ushauri wa pili ulikuwa wa nguvu. Tangaza msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, Jumamosi, asiyefika faini elfu tano, mgambo apite achukue kuku. Nikaufuata. Siku hiyo walikuja watu kumi na mmoja. Sijui nilikuwa nawaza nini, kwa sababu milima hii Wasabato wameijaza tangu enzi za wamisionari wao wa kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na nusu ya kijiji changu Jumamosi hawagusi jembe. Walinichukulia kama nimewatukana. Na mgambo alipochukua kuku wa mama mmoja mjane, ilibidi niende mwenyewe jioni nimrudishe yule kuku na kuomba radhi mlangoni. Mama alinisikiliza, akanikaribisha ndani, akanipa chai. Nilitoka pale nimekata shauri kwamba hakuna kuku wa mtu atakayekamatwa tena kwa ajili ya ndiva.

Tukakaa na wazee tukahesabu siku. Ijumaa ni ya wenzetu Waislamu, Jumamosi Wasabato, Jumapili Walutheri, Alhamisi ni gulio, na Jumatano watu wanavuna vya kupeleka gulioni. Jumatatu watu wako shuleni na zahanati kufuatilia mambo yao. Ikabaki Jumanne. Wewe unayesoma, usikubali siku uliyopangiwa na mtu asiyelala kijijini kwako.

Sasa kuhusu michango. Mwalimu mwenzangu mstaafu alinishauri tutoze kwa uwezo: mwenye nyumba ya bati na ng'ombe atoe ishirini elfu, wa kati kumi, maskini tatu. Niliona ni haki tupu. Nikaliwasilisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu. Nilipomaliza kusoma tu, akasimama mzee mmoja wa miaka tisini hivi, akajikita kwenye mkongojo wake, akasema, "Mwalimu, mwanangu, hiyo ni mbiru."

Mkutano mzima ukanyamaza. Vijana wakatazamana, wengine hawakulijua neno. Mzee akawaeleza. Miaka ya 1940, wakati wa Mwingereza, Wapare walitakiwa walipe kodi nyingine juu ya ile ya kichwa, kila mtu akadiriwe kwa mali yake: mifugo, mazao, shamba. Hiyo ndiyo waliyoiita mbiru. Maelfu ya watu waliteremka milimani wakaenda Same kuikataa, na baba yake alikuwamo. Baadaye na akina mama nao wakateremka. Mwisho mkoloni akaifuta. "Si kwamba pesa ilikuwa nyingi sana," mzee alisema. "Kilichotuchoma ni mtu kuingia uani kwako akahesabu mbuzi wako, halafu akuambie wewe ni tajiri kiasi gani."

Nilikaa chini. Nilimshukuru mbele ya wote, nikaliondoa pendekezo. Tukakubaliana elfu tano kila kaya, sawa kwa sawa, na jasho sawa kwa sawa. Wazawa walioko Dar es Salaam na Arusha watume chochote wanachoona kupitia simu, na kila jina likisomwa lisomwe bila kutaja kiasi. Hilo la kutotaja kiasi lilitoka kwa yule mama mjane, na liliniletea pesa nyingi kuliko andiko langu lote la mradi.

Lakini kilichofukua ndiva ni kamba. Naomba nilieleze vizuri, kwa sababu nalipenda.

Msaragambo wetu wa zamani ulikuwa na tatizo moja: watu sabini wanakuja, ishirini wanachimba, waliobaki wanaegemea majembe na kupiga soga. Anayechimba anaona hivyo, wiki ijayo haji. Mimi nilikumbuka shamba la shule, ambapo kila mtoto tulimkatia ngwe yake, kipande chake cha kulima. Nikanunua kamba ya katani ndefu, nikaipiga fundo kila hatua moja, hatua ya mtu mmoja tu, mrefu kuliko wote kitongojini. Kwa kamba hiyo ndiva ilikuwa kama hatua thelathini kwa ishirini. Kila ngwe tukaipa hatua mbili kwa mbili. Hesabu ikatoka ngwe mia na hamsini, na kaya zetu zenye mashamba mferejini zilikuwa mia arobaini na kitu. Nilipoona namba zinakaribiana hivyo nilihisi Mungu ametuonyesha njia. Zile ngwe chache zilizozidi tukawapa vijana wa kikundi cha mpira, wakalipwa kwa jezi ambazo mzawa mmoja wa Arusha alishaahidi.

Tukachomeka vigingi, kila kimoja na namba ya rangi nyekundu. Tope la karibu na mlango ni zito na lina kina kuliko la pembeni, kwa hiyo hatukugawa kwa mkono. Karatasi zikatiwa kwenye kikapu na kila mwakilishi wa kaya akachota yake. Mimi nilichota namba 88, katikati ya tope kabisa. Watu walishangilia, na nadhani siku ile ndiyo waliniamini.

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumsukuma mtu. Ngwe yako ikiwa haijachimbwa inaonekana na kijiji kizima kama jino lililobaki. Wengine walichimba Jumanne, wengine walikuja alfajiri siku nyingine kimyakimya. Mzee asiyeweza alimleta mjukuu. Akina mama wenye watoto wachanga walipika makande kwa zamu, na upishi ulihesabiwa kuwa ngwe kamili; yule aliyepinga hilo nilimwomba akapike sufuria ile siku moja, hakupinga tena.

Na tope lenyewe. Wataalamu wangetuambia tukodi trekta la kulibeba. Mimi nilitangaza kwamba ni mali ya atakayelichukua. Tope la ndiva ni udongo wa juu wa mashamba yetu ulioshushwa na mvua miaka na miaka, una rutuba nzuri. Ndani ya wiki mbili watu walikuwa wanaombana zamu ya magunia. Wa tangawizi walichukua, wa nyanya walichukua. Ukingoni hakikubaki kitu.

Hapo ndipo nilipokosea vibaya. Ukuta wa upande wa chini ulikuwa na nyufa. Nikaamua tuupige plasta ya saruji kwa ndani, mifuko kama ishirini, fundi kutoka mjini, kila kitu karibu laki tano na nusu. Mzee wa ndiva aliniambia, "Mwenyekiti, huo udongo wa nyuma haujakaa." Sikumsikiliza. Plasta ilikuwa nzuri, inang'aa, tulipiga picha tukawatumia wazawa kwenye kundi la WhatsApp. Tukafungulia mfereji, tukaijaza ndiva yote usiku mmoja. Usiku wa pili, kwenye saa kumi alfajiri, nikasikia mshindo kama mti mkubwa umeanguka. Nilitoka na tochi na khanga moja. Ukuta ulikuwa umepasuka upana wa mlango wa nyumba, na maji yote yameteremka kwenye maharage ya jirani wa chini.

Sikusubiri mkutano wa miezi mitatu. Jumanne hiyo hiyo nilisimama mbele ya watu nikasoma: saruji kiasi hiki, fundi kiasi hiki, imeharibika, na nilionywa. Maharage ya jirani yakalipwa kwanza kabla ya jambo lolote, kutoka mfuko wa ndiva. Hakuna aliyenizomea. Nadhani ni kwa sababu tangu mwanzo tulikuwa tunasoma mapato na matumizi kila msaragambo kabla jembe halijainuliwa, na karatasi inabandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Wanasema bandika ofisini. Ofisi ya kijiji nani anaingia? Mashineni kila nyumba inafika.

Safari ya pili tulimwachia mzee wa ndiva. Akatuchagulia udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji kidogo, tukaupanga tabaka kwa tabaka na kuushindilia kwa magogo mpaka kisigino hakiingii. Kazi ya Jumanne nne. Saruji iliyobaki na mawe tukaviweka mlangoni tu, na lango la chuma tulilochomelesha mjini likachukua nafasi ya gogo la mgomba. Kisha mzee akaamuru ijazwe robo, iachwe siku mbili, ijazwe nusu, iachwe tena, ndipo ijae. Ukiwa na ndiva mpya fanya hivyo hivyo, hata kama watu wanakupigia kelele maji yanapotea.

Kibali cha kutumia maji tulikuwa nacho tayari kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, hilo halikutusumbua.

Jambo la mwisho nililopigania ni zamu. Desturi ilikuwa wa juu waanze. Mimi na wazee wawili tukasema mwezi wa kwanza waanze wa chini kabisa, kwa sababu walikuwa hawajaonja maji hayo kwa miaka, na kwa sababu mfereji hauwezi kuwafikia bila kusafishwa wote. Tulibishana mikutano miwili. Asubuhi maji yalipofika shamba la mwisho nilikuwa nimesimama pale na mwenye shamba, baba mmoja wa makamo. Aliyatazama yakiingia tutani, akavua viatu, akaingia nayo. Hakusema neno. Nami sikusema.

Yule mwenyekiti kijana aliondoka na kamba yangu ya mafundo usiku ule. Juzi amenipigia: wana ngwe mia moja na tisa, na gulio lao ni Jumanne, kwa hiyo wamechagua Jumatatu.