Chumvi nusu, sukari sita

Kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu Mbagala, mimi mhudumu wa afya ngazi ya jamii nilikuwa na kipaza sauti na karatasi za maelezo. Watu walizipokea kwa adabu. Kesho yake nikazikuta zinafungia karanga.

Nikamwendea mzee mmoja mpiga ngoma. Mdundiko, ngoma ya Wazaramo, ukipita mtaani, nani anabaki ndani? Wapo wanaoufuata hadi wakasahau mboga jikoni. Tukatunga wimbo wa maji ya kumpa mgonjwa wakati anakimbizwa kituo cha afya: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mtaa ulifurika. Nililala nikijipongeza.

Asubuhi mama mmoja akaniita uani kwake. "Mwanangu, hivyo vijiko sita vya chumvi, mtoto atavimeza?"

Mwili ulinisisimka. Kwa ajili ya vina tulikuwa tumeimba "chumvi na sukari, sita na nusu", na yeye akagawa kama sikio lilivyopokea. Chumvi kiasi hicho inaweza kumuua mtoto. Karatasi yenye kosa ingeishia kwenye karanga. Wimbo ulishafika kwa watoto, bombani na kwenye rede.

Mzee alinisikiliza, kisha akanikumbusha kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Redio ilisema, lakini watu walikaa kwenye vikundi wakajadili, ndipo wakachimba vyoo. "Nyie vijana mmepiga mkapita."

Tukaanza upya. Kwenye sukari ngoma ilipiga mara 6, umati ukihesabu. Kwenye chumvi mzee aligusa ukingo tu kwa kidole, watu wakaitikia "nusu!" Kila njia panda tulinyamazisha ngoma, nikamwita mtazamaji achanganye mwenyewe, wenzake wamkosoe. Kijana mmoja wa bodaboda alimimina chumvi kijiko kizima. Akina mama walimzomea hadi akacheka mwenyewe.

Hapo ndipo likatoka jambo ambalo kipaza sauti kisingenionyesha: dada mmoja alikuja na kifuniko cha chupa ya soda. Kwake hakuna kijiko cha chai, na wenzake kadhaa wakasema hata wao. Nikarudi kituoni kuomba pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari uliokwisha pimwa wa kuchanganya na maji, tukawa tunazigawa palepale kabla ngoma haijahama.