Danieli Alipowaendea Wenzake

Somo: Danieli 2:17-18, Hesabu 8:23-26

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili nawaomba tukae na watu wanne waliosoma pamoja, Danieli na wenzake watatu. Danieli sura ya 1 inatueleza kwamba walikuwa vijana wa Yuda waliopelekwa Babeli, wakawekwa chini ya mkuu wa matowashi, wakafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka 3. Walikataa pamoja chakula cha mfalme. Walisimama pamoja siku ya mtihani, na aliyewauliza maswali ni Nebukadreza mwenyewe. Kila nikisikia watu wazima wakisimuliana habari za bweni, za kengele ya alfajiri na za mwalimu aliyetisha darasa zima, nawakumbuka vijana hao.

Huko shuleni walibadilishiwa majina: Belteshaza, Shadraka, Meshaki na Abednego. Ukifika mwisho wa sura ya 2, Danieli anapowaombea wenzake vyeo, ndiyo majina wanayoitwa wakiingia kazini. Lakini rudi nyuma kidogo, mstari wa 17. Mfalme ameota ndoto, na wenye hekima wake wameshindwa kumwambia ameota nini. Amri ya kuwaua wenye hekima wote imekwisha kutoka, na wao wamo. Danieli anakwenda nyumbani kwake, anawaeleza habari ile Hanania, Mishaeli na Azaria. Saa ya hatari, nyumbani, yanatajwa majina waliyopewa na wazazi wao. Danieli hakwenda kuwatafuta maofisa. Alikwenda kwa watu waliomjua kabla hajawa mtu mkubwa. Akawaomba neno moja tu, kwamba wamsihi Mungu wa mbinguni awarehemu katika jambo hilo. Usiku siri ikafunuliwa, na Danieli aliposhukuru alisema Mungu ametujulisha sisi neno la mfalme. Njozi aliiona yeye. Shukrani aliitoa kwa niaba ya wanne.

Ninawaandikia hasa ninyi mliostaafu, na mnaokaribia.

Mtu akistaafu huvuliwa jina. Jana alikuwa mkurugenzi, mwalimu mkuu, muuguzi mkuu wa zamu, mhandisi, afande. Simu ililia mpaka ikamchosha. Leo inakaa mezani kimya, na anagundua kwamba wengi waliompigia walikuwa wanaipigia ile kazi. Nimewaona watu imara, waombaji, wakinyong'onyea ndani ya mwaka wa kwanza, na kilichowaumiza zaidi hakikuwa kupungua kwa kipato. Ni kutoitwa na mtu. Halafu siku moja inaingia sauti kutoka mbali inamwita kwa jina alilokuwa nalo akiwa na miaka 16, jina ambalo hata watoto wake hawalijui, na mtu mzima yule anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mimi naamini Mungu yumo katika simu ya namna hiyo.

Katika Maandiko ipo sheria inayohusu kustaafu, na wengi huipita bila kuiona. Iko Hesabu 8. Mlawi alianza utumishi wa hema akiwa na miaka 25, na alipofika miaka 50 aliacha kazi. Kazi ya Walawi ilikuwa nzito kweli. Hema ilipohama, wao ndio walioibeba na vyombo vyake. Lakini sheria haikuishia kwenye kuacha. Inasema mzee huyo atahudumu pamoja na ndugu zake katika hema ya kukutania, kulinda ulinzi. Mzigo unashuka begani, ndugu wanabaki. Mungu hakumwachisha Mlawi kazi ili akakae peke yake akihesabu siku. Alimwachia kazi ya kulinda, na akamwachia watu wa kulinda nao.

Ndiyo maana siwezi kuyadharau makundi ya watu waliosoma pamoja sekondari wanaotafutana uzeeni. Wapo wanaosema ni kupoteza muda, ni wazee kurudia hadithi zilezile. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao.

Kwanza, angalieni jinsi Mungu alivyotuumba. Mwaka 1975 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Harry Bahrick, na wenzake wawili walitoa matokeo ya utafiti waliowafanyia watu 392 waliomaliza sekondari, wengine majuzi tu, wengine karibu miaka 50 nyuma. Walionyeshwa picha za wanafunzi wenzao zikiwa zimechanganywa na za wageni. Hata waliokuwa wamemaliza shule zaidi ya miaka 30 kabla walizitambua takriban picha 9 kati ya 10. Kutaja majina bila msaada kuliwashinda wengi, sura hazikuwashinda. Tunasahau tulikoweka miwani asubuhi ya leo, ila uso wa yule tuliyekaa naye dawati moja umehifadhiwa. Aliyeuhifadhi ni Muumba, na sidhani kwamba aliuhifadhi bure.

Na hiki kinachoitwa kurudia hadithi, daktari wa magonjwa ya akili Robert Butler aliandika mwaka 1963 akiwatetea wazee. Wakati huo wengi walidhani mzee anayezungumzia sana ujana wake akili zimeanza kumtoka. Butler akasema ni kazi ya kawaida ya moyo: mtu anayapitia maisha yake, anatafuta yaliyobaki bila kupatanishwa, anajaribu kuyaelewa mazima. Mtunga Zaburi ya 77 alikwisha kuifanya kazi hiyo. Alikuwa katika taabu, usingizi haumjii, akazifikiri siku za kale, miaka iliyopita zamani. Mwanzoni kumbukumbu zilimwongezea uchungu, akafika hata kuuliza kama Mungu amesahau fadhili zake. Kisha akageuza alichokuwa anakikumbuka: "Nitayakumbuka matendo ya Bwana." Miaka ilikuwa ileile, ila sasa alimtafuta Bwana ndani yake.

Hapo ndipo mazungumzo ya wenzetu wa zamani yanapopata uzito. Ni vizuri kukumbuka tulivyocheka. Lakini ni lini tuliulizana: siku ile wazazi wako walipokosa karo, nani alikusaidia ukarudi? Ile homa iliyotuchukulia mwenzetu, wewe ulipona vipi? Ile njia uliyotaka ukaikosa, Mungu alikupitisha wapi? Maswali hayo yakiulizwa na mtu aliyekuwepo, hayahitaji utangulizi. Anaijua hali ya nyumbani kwenu. Alikuona ukilia nyuma ya darasa. Anaweza kukukumbusha rehema ambayo wewe mwenyewe uliisahau.

Mhubiri 7:10 inatuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko siku hizi, kwa maana si kwa hekima tunauliza neno hilo. Nalipokea onyo hilo. Kundi la wazee likigeuka kuwa mahali pa kulaani vijana na kuisifu kila fimbo tuliyopigwa, limepotoka.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, na hapa naomba tusiharakishe. Si kila aliyesoma nasi anaikumbuka shule kwa furaha. Yupo aliyepewa jina la utani la kilema chake, au la umaskini wa nyumbani kwao, na likamfuata mpaka leo. Yupo aliyenyang'anywa vitu vyake usiku baada ya usiku. Sisi tunalisimulia kama kichekesho, yeye anasoma ujumbe wetu kwenye kundi la simu bila kujibu. Tunachokicheka, yeye alikilia.

Someni Mwanzo 50. Yakobo amekufa, na ndugu zake Yusufu wanashikwa na hofu: pengine sasa atatulipiza. Kumbukeni kwamba Yakobo aliishi Misri miaka 17. Miaka yote hiyo ndugu hao walikula mkate wa Yusufu, watoto wao wakakua chini ya ulinzi wake. Yusufu alikuwa amekwisha kuwakumbatia na kulia nao. Hata hivyo, kabla ya siku hiyo hatusomi popote kwamba walimwambia, "Tulikukosea, utusamehe." Ujumbe ulipomfikia, Yusufu akalia. Mimi huona alikuwa amelingoja neno hilo muda mrefu, ingawa kusamehe alikwisha kusamehe. Ndugu mpendwa, ikiwa kuna mtu uliyemtesa ukiwa na miaka 15, usijifariji kwamba ilikuwa utoto. Mtafute kando, si mbele ya kundi zima. Liseme kwa jina lake. Usimwombe acheke nawe. Mwombe akusamehe, kisha mwachie nafasi ya kujibu kwa wakati wake.

Wapo pia waliojitenga kwa sababu ya aibu. Walitegemewa kufika mbali, hawakufika. Biashara ilianguka, ndoa ikavunjika, mwingine alifungwa. Wanaona picha za wenzao na nyumba zao na wajukuu wao, wanatoka kimyakimya. Kwa hao namkumbuka Marko. Aliwaacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia, na baadaye Paulo akakataa katakata kumchukua tena. Ugomvi ukawa mkali hata wale wazee wawili wa imani wakatengana. Matendo 15 haifichi. Lakini fungueni 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni, anajua kufariki kwake kumekaribia, Dema amemwacha, Luka peke yake yupo naye. Anamwandikia Timotheo aje upesi, amletee joho na vitabu, kisha anaongeza: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Yule aliyekataliwa safari ya pili ndiye anayeitwa kwa jina mwishoni. Na hakuachwa aje mwenyewe. Timotheo alitumwa kumchukua. Mtu mwenye aibu huhitaji wa kumfuata.

Nimewasikia wakisema, "Tulimwongeza kwenye kundi, akatoka mwenyewe." Kuongezwa kwenye kundi si kufuatwa. Picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema haiwezi kuuliza dawa zimekwisha lini. Piga simu. Ukiweza, nenda. Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2010 na Julianne Holt-Lunstad na wenzake, uliokusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, ulionyesha kwamba wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa takriban asilimia 50, kuliko wale ambao uhusiano wao ulikuwa dhaifu. Biblia ilitangulia kusema si vema mtu awe peke yake.

Kuna wale ambao kumbukumbu zenyewe zinawatoka. Ukimpigia mwenzako akakuuliza mara tatu wewe ni nani, usikasirike, wala usimtahini. Usiseme, "Kweli hunikumbuki?" Mwambie jina lako, mwambie mlikosoma, mwimbie ule wimbo mliokuwa mkiuimba kwenye ibada ya asubuhi. Huenda akaupokea mstari wa pili. Na asipoupokea, wewe utakuwa umekumbuka kwa ajili yenu wote wawili. Ahadi ya Isaya 46:4 haimtaki mzee akumbuke chochote ndipo itimie: hata wakati wa mvi, asema Bwana, nitawachukueni.

Na wale waliotangulia? Orodha yao inarefuka kila mwaka, tunajua. Baada ya sura ya 3 Hanania, Mishaeli na Azaria hawatajwi tena katika kitabu cha Danieli. Danieli anaendelea, wafalme wanabadilika, anazeeka. Katika sura ya 9 tunamkuta anasoma kitabu cha Yeremia, kisha anafunga na kuomba. Sikilizeni anavyoomba: tumefanya dhambi, utusikie, hatukuitii sauti ya Bwana. Kijana aliyezoea kuomba na watatu, uzeeni bado anaomba kwa "sisi".

Kwa juma hili, chukua jina moja tu. Lisiwe la yule mnayezungumza kila siku. Liwe la yule aliyenyamaza. Liombee siku tatu, na siku ya nne mpigie kwa sauti, usimtumie ujumbe. Usianze na michango wala na habari za msiba. Muulize amelalaje, anakula vizuri, nani yuko naye nyumbani. Kama anaruhusu, ombeni pamoja kabla hamjakata simu, hata kwa dakika moja. Kama imani yake si yako, au aliiacha, mheshimu na umsikilize. Wewe utamwombea baadaye ukiwa peke yako. Familia yake ikikuambia kwamba hayupo tena, wape pole, wasimulie jambo moja jema la ujana wake ambalo wao hawakuliona.

Tuombe.

Baba, umetuita kwa majina yetu kabla watu hawajatupa vyeo. Tunakushukuru kwa waliokaa nasi darasani na bwenini, walioshiriki nasi njaa na mitihani. Wakumbuke walio wagonjwa usiku huu, na wanaowauguza. Wape waliokosewa nasi uponyaji, na utupe sisi ujasiri wa kuomba msamaha tungali hai. Wafariji wajane na wagane wa wenzetu. Yule mmoja ambaye kila msomaji anamfikiria sasa hivi, Bwana, mfungulie moyo wa kupokea simu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.