Nilivyoanza Undead Nightmare bila kukaukiwa risasi

Red Dead Redemption, gemu ya cowboy, nilishaimaliza zamani kwenye mashine ya PS3, kwa hiyo diski ya Undead Nightmare, nyongeza yake yenye mazombi, yaani maiti wanaotembea, ilipofika mkononi nilijua angalau sitapotea njia. Ramani ni ileile, na mhusika unayemchezesha, John Marston, ni yuleyule. Diski hiyo ilitoka mwishoni mwa 2010 na haidai gemu mama, unaichomeka, unacheza. Kwenye toleo la PS4 na Switch la 2023 zote mbili zimo pamoja, unachagua tu kwenye menyu. Kama gemu mama hujaimaliza, imalize kwanza, maana hapa Marston tunamkuta ameshatulia nyumbani na mkewe Abigail na mwanawe Jack, na hilo peke yake linakufichulia mengi.

Hadithi haichelewi kuchanganya. Mzee anayeitwa Uncle, anayeishi nao, anaingia ndani akiwa zombi, anamng'ata Abigail, Abigail anamng'ata Jack. Marston anawafunga kamba wote wawili, anatoka kutafuta dawa.

Sasa shughuli yenyewe ni risasi. Kwenye gemu mama ukimpiga jambazi kifuani amekwisha, na zikipungua unapita dukani. Huku pesa haina kazi, duka halikuuzii kitu, na zombi anataka kichwa. Kifua utakijaza shaba naye atakuja tu. Nikaamua mapema kwamba bunduki itasubiri, na mwenge ndio utakuwa silaha yangu ya kila siku, kwa sababu hauishi. Unamgusa zombi, anashika moto, unarudi nyuma. Usibaki hapo kumtazama, maana haanguki papo hapo, anaendelea kukufuata huku anaungua.

Wakiwa wengi nilitafuta ngazi. Ukiwa juu ya paa wanakusanyika chini wakikukodolea macho, unawasha Dead Eye, uwezo maalumu wa kulenga, muda unapungua kasi, unachagua vichwa kimoja kimoja. Wa kuchunga ni wale wanaotema uchafu wa kijani, kwa kuwa wao wanakufikia hukohuko juu. Hao nilikuwa nawaondoa kwanza, kisha wale wanaokimbia kwa miguu minne. Mazombi wanene wanaokuja kama fahali niliwaacha mwisho. Vumbi likitulia ndipo nashuka kupekua maiti. Kila mmoja ana vijirisasi vyake, na kuinama kupekua vita vikiwa havijaisha ni kujitakia.

Miji ndiyo akiba yako. Kuna watu wachache waliobaki hai wanapigana, na unaweza kuwagawia risasi ili wakusaidie. Mwanzoni roho iliniuma kutoa nilichokichuma kwa jasho, lakini inalipa: mji ukiokoka unapata silaha na risasi, na kitanda cha kusevu ambacho pia kinakusafirisha hadi kitanda cha mji mwingine salama. Ubaya wake, miji hiyo inavamiwa tena na ujumbe unakujia ukiwa mbali. Nilikuwa nakimbilia ile iliyo njiani tu. Anayetaka kuokoa yote kila mara ataishia kuwa mlinzi wa usiku, hadithi haitasogea.

Jambo lililonibadilishia gemu kabisa ni farasi. Farasi wa kawaida wanaliwa ovyo, lakini porini wanazurura wanne wa ajabu: War, Famine, Pestilence na Death. Ukipata fununu ya mmoja wao, acha misheni uliyonayo. Unamrushia kitanzi, unampanda, unayumba naye mpaka akubali, kama farasi yeyote wa mwituni. Mimi nilimpata War, ambaye manyoya yake yanawaka moto na zombi akimkaribia naye anawaka. Tangu hapo kundi likiziba barabara silizunguki wala sitoi bastola. Napita katikati.