Wali wa jana kuchacha ndani ya friji: jinsi nilivyotatua

Tatizo lilikuwa sufuria, friji haikuwa na kosa. Wali uliojaa sufuria ya lita tano hupoa juu na pembeni tu. Katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, hata ukiwa ndani ya friji. Na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus haziuawi na mchemko wa kawaida. Zikipata uvuguvugu huamka, huzaana na kutoa sumu.

Kwa hiyo sasa wali unapakuliwa ukiwa bado wa moto kwenye vyombo vipana, kina kisichozidi sentimita tano. Mvuke mwingi ukishatoka, unafunikwa na kuingia friji. Yote haya ndani ya saa mbili tangu ushuke jikoni. Kungoja upoe kabisa mezani ni desturi mbaya. Friji iwe nyuzi 4 au chini yake (kipimajoto kidogo cha kuweka ndani kinafaa kuliko kuamini namba za kitufe), na vyombo viachiane nafasi hewa ipite.

Wakati wa kupasha, toa kiasi cha kula tu. Nyunyizia vijiko viwili vya maji kwa kila sahani, funika, moto mdogo, geuza mara moja katikati, hadi mvuke utoke kote: nyuzi 74 katikati. Ukibaki tena, tupa. Wali uliokwisha kuchacha usijaribu kuuokoa kwa kuuchemsha, maana sumu ile inavumilia moto.

Mchuzi na maharage hukaa siku tatu. Wali, uishe kesho yake.